Kutoka UKUTA hadi Ukutani

Mwaka 2001 nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi mjini Mpanda, nikitembea kwa miguu kila asubuhi kutoka nyumbani kwetu Kawajense. Mwaka huo Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita kwetu. Mliosoma shule za serikali mnajua maana yake. Wiki tatu hakuna hesabu wala sayansi, ni kufyeka nyasi, kupaka chokaa mawe ya kando ya njia, na mazoezi. Waliojua kuimba waliingizwa kwaya, waliojua kuruka wakapelekwa halaiki. Mimi na jirani yangu wa dawati, kwa sababu tulikuwa na sauti za kufika mbali, tukapewa ngonjera.

Ngonjera aliitunga mwalimu. Mimi nilikuwa Ajuaye, mwenzangu Asiyejua. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali ya kijinga: Mwenge una faida gani, serikali imetufanyia nini, kwa nini tuchangie maendeleo. Kazi yangu ilikuwa kumjibu kwa zahanati na madarasa mpaka, katika ubeti wa mwisho, apige magoti na kukiri kwamba sasa ameelewa. Tulirudia mpaka watoto wa darasa la kwanza wakazijua beti zetu kwa moyo.

Siku yenyewe ikafika, na vumbi lake na ving'ora vyake. Tulikwenda vizuri hadi mwisho. Asiyejua hakupiga magoti. Alisimama vilevile, mikono nyuma, akasema mstari ambao haukuwamo kwenye karatasi ya mwalimu:

*Mabomba tunayaona, maji yake yako wapi?*

Mizani kumi na sita kamili, nane kwa nane. Watu walicheka, wakapiga makofi, na mimi nikabaki mdomo wazi kwa sababu sikuandikiwa jibu. Kesho yake kwenye paredi alichapwa fimbo sita. Mimi nilichapwa mbili, kwa kosa la kutomjibu.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa zaidi ya miaka kumi sasa, nimeandika kuhusu chaguzi, maandamano na marufuku za maandamano, na mara nyingi nikikaa kuandika nazikumbuka zile fimbo mbili kuliko zile sita. Sita zilikuwa za kusema. Mbili zilikuwa za kushindwa kumnyamazisha aliyesema. Ukitaka kujua namna nchi hii inavyoishi na vijana wake wenye sanaa na maneno, anza na ngonjera.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alikutana na washairi na kuwaomba walipeleke Azimio kwa wananchi kwa njia wanayoijua wao. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, hakimu na mshairi, aliitikia kwa kuikuza ngonjera: ushairi wa majibizano unaosemwa hadharani, wahusika wawili au zaidi, mmoja hajui na mwingine anajua. Alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake vya *Ngonjera za UKUTA* vikatoka baada ya kifo chake. UKUTA ni kifupi cha chama cha washairi, Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Lishike hilo jina, nitalirudia.

Sitaki nimwonee Mnyampala. Kabla ya ngonjera, mtoto wa miaka kumi na miwili hakuwa na sababu ya kusimama uwanjani mbele ya wazee na viongozi akasema jambo kwa sauti. Ngonjera ilimpa. Shule nzima, kijiji kizima, kilinyamaza kumsikiliza. Hata mashaka yalipewa nafasi, maana bila Asiyejua hakuna mchezo. Ila umbo lenyewe lina sharti moja: mwenye mashaka lazima asalimu amri mwishoni. Anaruhusiwa kuuliza chochote ilimradi ubeti wa mwisho si wake.

Na sharti hilo halikuanzia kwenye ushairi. Oktoba 22, 1966, miezi michache tu kabla ya Azimio, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana wakiwa na majoho yao ya chuo na mabango, kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyoyaona magumu. Waliufikisha ujumbe wao Ikulu. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400. Siku hiyohiyo akatangaza kujikata mshahara wake kwa asilimia 20. Watu wengi wanaposimulia kisa hiki hukazania moja kati ya hayo mawili, kutegemea wanampenda Mwalimu au hawampendi. Mimi navutiwa na jinsi yanavyokaa pamoja. Vijana walikuwa wamesema, pamoja na mengine, kwamba wakubwa wanakula vizuri huku wao wakitakiwa kujinyima. Hoja ilichukuliwa. Walioileta walifukuzwa.

Miaka miwili baadaye vijana walikuwa tena barabarani, safari hii kwa baraka za chama. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwishoni mwa 1968 Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, hakuna vimini, hakuna mawigi, hakuna suruali za kubana. Hata tarehe yenyewe haijafika, Kariakoo kulikuwa na makundi ya vijana wanaowazingira wasichana na kuwachania nguo. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Ninapoisoma habari hii huwa najikumbusha kwamba kijana barabarani si lazima awe upande wa uhuru. Mara nyingine yeye ndiye fimbo.

Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, wakipinga nyongeza ya maslahi ya wabunge na mawaziri. Mamia walifukuzwa. Nimesoma chuo hichohicho, na ninakumbuka mhadhiri mmoja aliyekisimulia kisa hicho kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, kana kwamba kilitokea juzi.

Turudi Mpanda, kwa sababu mambo haya yote yalitokea Dar, na sisi Dar tulikuwa tunaiona kwa treni. Mji wetu ulikuzwa na madini ya risasi. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua mpaka Mpanda kwa ajili ya mgodi, mgodi ukafa, reli ikabaki, na sisi tukabaki mwisho wa reli. Mpaka 2012, Katavi ilipokuwa mkoa, tulikuwa wilaya ya mbali ya Rukwa. Mji wa mwisho wa reli haupati sanamu wala bustani ya kukutania vijana. Unapata stesheni, soko, uwanja wa mpira, na kuta.

Kuta za Kawajense wakati nakua zilikuwa tofali za kuchoma, nyingi bila plasta. Na zilikuwa na waandishi. Mwenye nyumba aliandika kwa mkaa: *Usikojoe hapa, faini 5,000*. Kampuni za simu zilipoingia zilipaka nyumba nzima, mbele na ubavuni, rangi ya kampuni, na mwenye nyumba alishukuru maana amepata rangi ya bure. Wakati wa uchaguzi vyama vilibandika sura za wagombea juu ya sura za wagombea wengine. Na watu wa barabara walikuja na kopo la rangi nyekundu wakaweka X, na X hiyo ilikuwa na nguvu kuliko maandishi mengine yote, kwa sababu baada yake lilikuja tingatinga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kijana aliyeandika ukutani "amechafua ukuta", muulize ni ukuta gani huo uliokuwa msafi.

Asiyejua, jina lilimganda mpaka leo, hakuendelea na shule baada ya darasa la saba. Alijifunza uchoraji kwa fundi mmoja wa mabango karibu na soko. Akawa anachora vichwa vya saluni za kiume, vile vichwa ambavyo wote ni mtu mmoja mwenye shingo ndefu. Akaandika majina ya bajaji. Akapaka nyumba za kampuni za simu kwa kulipwa kwa mita. Mwaka 2005 jimbo letu lilimchagua Said Arfi wa CHADEMA, na 2010 likamrudisha, jambo ambalo watu wa Dar waliokuwa wakituita washamba walilishangaa, hasa kwa kuwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alikuwa mtu wa hukohuko kwetu. Kwenye kampeni za 2010 rafiki yangu alichora kijani asubuhi na bendera za M4C hazijazaliwa bado, kwa hiyo jioni alichora ile alama ya vidole viwili kwa rangi yoyote iliyobaki. Nilimuuliza haoni haya. Akanijibu, "Wewe ukiandika habari za vyama vyote wanakuita mwandishi. Mimi mnaniita kigeugeu."

Mwanzoni mwa 2012, nikiwa chuoni, picha za Nairobi zikaanza kusambaa mtandaoni. Mpiga picha Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti walikuwa wamepaka ukuta mkubwa Barabara ya Muindi Mbingu, karibu na City Market: mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga, na kando yake madhambi ya watawala tangu uhuru. Hawakuwa na kibali, na walifanya kazi usiku. Juni mwaka huo wakabeba majeneza meusi 49 hadi Bungeni, moja kwa kila mwaka wa uhuru. Mei 2013, wabunge wapya walipotaka mishahara mikubwa zaidi, wakapeleka nguruwe hai na damu kwenye lango la Bunge. Malalamiko yalikuwa yaleyale ya Mlimani 1978. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa na barua ya kumkabidhi mkubwa. Waliongea na wapita njia, na mkubwa akajulishwa baadaye, kama watu wengine.

Nilipokwenda likizo nilimwonyesha Asiyejua ile picha ya tai kwenye simu. Aliikuza, akaikagua pembe mpaka pembe, kisha akauliza: "Rangi yote hii nani kawalipia?" Nilidhani anakwepa. Sasa naona lilikuwa swali la msingi. Dar nako kulikuwa na vijana wa grafiti, Wachata Crew, waliotoa jina lao kwenye "chata", na kulikuwa na majukwaa ya WAPI yaliyodhaminiwa na British Council, ambako vijana walichora na kughani mchana kweupe. Kazi nzuri, sitaki kuzibeza. Lakini mdhamini naye ana ubeti wake wa mwisho, hata kama anausema kwa upole.

Nilisema nitarudi kwenye jina UKUTA. Juni 2016 Rais Magufuli alizuia mikutano ya hadhara ya vyama, zuio lililodumu mpaka Rais Samia alipoliondoa Januari 2023. CHADEMA walijibu kwa kuanzisha Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania, kifupi chake UKUTA, na kupanga maandamano ya nchi nzima Septemba 1, 2016. Sijui kama aliyebuni kifupi hicho alimkumbuka Mnyampala hata kidogo. Polisi walipiga marufuku, na siku moja kabla chama kikaahirisha. Mimi mhariri alinituma Rujewa, Mbarali, kwa sababu tarehe hiyohiyo jua lilikuwa linapatwa na pale ndipo lingeonekana vizuri. Basi siku ambayo vijana walitakiwa wajaze barabara, nilikuwa katikati ya umati wa vijana waliosimama wakitazama juu kwa miwani ya karatasi. Sijawahi kuona umati mkubwa hivyo ukiwa kimya hivyo.

Mwaka uliofuata likaja tukio ambalo kwangu ni ngonjera tupu. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na BASATA wakaufungia. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais ameupenda wimbo huo, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Watu walishangilia. Lakini kulikuwa na nyongeza: Rais alishauri wimbo uboreshwe, wataje na wengine, wakiwamo wakwepa kodi. Nilipoisoma habari hiyo chumba cha habari nilicheka mpaka wenzangu wakaniangalia. Mwalimu alikuwa ameileta tena karatasi yake.

Novemba 2019 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikubwa vikajitoa, na CCM ikachukua karibu viti vyote. Wiki ya uchaguzi, Kawajense, kwenye ukuta ulio karibu na bomba ambalo tangu utoto wangu limekuwa likitoa hewa zaidi ya maji, yalionekana asubuhi maandishi meusi, herufi safi za mtu anayejua kazi, kivuli chekundu kila herufi:

*Mabomba tunayaona, maji yake yako wapi?*

Hapakuwa na jina la chama wala tusi. Mama yangu alinipigia simu kunisomea, bila kujua kwamba naujua. Watu walikuwa wanasimama na ndoo zao wakiusoma, wengine wanaupiga picha. Siku ya tatu watu fulani waliamua ufutwe. Wakatafuta fundi wa rangi. Mtaa ule fundi wa rangi ni mmoja.

Alilipwa shilingi elfu kumi na tano, chokaa yake mwenyewe. Alinisimulia miezi kadhaa baadaye, tumekaa kijiweni, bila aibu wala majigambo. Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema angekataa wangejua. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kiufundi tu, kwamba chokaa ukiizidisha maji na usiweke chumvi wala gundi, mvua mbili tatu inaondoka. Rangi ya mafuta iliyo chini haiondoki.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu linanikera na kunipendeza kwa pamoja. Ukilipima kwa kipimo cha Nairobi ni woga. Hakuna jeneza, hakuna mtu aliyesimama na kusema "ni mimi". Na Nairobi ilikwenda mbele zaidi: Juni 25, 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia ndani ya Bunge, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Ubeti wa mwisho ulikuwa wao, kwa siku ile. Waliulipia kwa makumi ya maisha. Rafiki zangu wa huko, wachoraji, waligeuka kuchora sura za waliokufa. Mtu wa Mpanda akiniambia hataki gharama hiyo, siwezi kumwita mwoga nikiwa nimekaa mezani na kahawa yangu.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu. Vijana waliingia barabarani Dar, Mwanza, Arusha, Mbeya, intaneti ikazimwa, Dar tukaamriwa tusitoke nje kuanzia saa 12 jioni. Walioaminika siku zote kwamba ni Asiyejua watakaopiga magoti mwishoni, hawakupiga, na watu walikufa. Hesabu ya waliokufa ingali inabishaniwa, na mimi sitaiandika hapa kana kwamba ninayo. Ninachoweza kuandika ni kwamba usiku ule wa kwanza, ukuta wa simu zetu ulipozimwa, ule tulioudhani hauna mwenyewe, nilipiga simu ya kawaida Kawajense. Asiyejua alipokea. Alikuwa anasikiliza redio. Tuliongea kuhusu watoto wake, kuhusu bei ya rangi, tukiyakwepa mengine kwa sababu wote wawili tulijua simu ni simu. Kabla ya kukata akaniuliza, "We si ndiye Ajuaye? Haya nijibu." Sikuwa na la kumjibu. Tangu 2001 sijaandikiwa.

Nilifika nyumbani Januari, mvua zimekolea. Nilikwenda mwenyewe bombani asubuhi, kabla wanawake hawajapanga ndoo. Chokaa imebaki kwenye kona za juu tu. Nusu ya kwanza ya mstari inasomeka vizuri, nusu ya pili imeliwa na unyevu, limebaki "yako wapi". Na juu ya hayo yote, pana, bado mpya, kuna X nyekundu. Barabara inapanuliwa.

Nilimkuta kazini kwake, anachora kichwa cha saluni, yuleyule wa shingo ndefu. Nikamwambia kuhusu X.

"Nimeiona," alisema. "Wamepaka na brashi kavu. Angalia pembeni, inatawanyika." Akachovya brashi yake, akaikamulia ukingoni mwa kopo, akarudi kwenye sikio.